Maharage chini, jibini juu: Ugomvi wa tabaka saba za Texas

NA MWANDISHI WETU

Februari 2022, Wamarekani wakiwa katika maandalizi ya mwisho ya kutazama Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, habari ilitoka Mexico kwamba Marekani imesimamisha ununuzi wa maparachichi kutoka jimbo la Michoacán. Mkaguzi wa Idara ya Kilimo ya Marekani aliyekuwa kazini huko alikuwa amepigiwa simu ya vitisho.

Mzigo wa fainali ile ulikuwa umeshavuka mpaka, na baada ya wiki moja hivi biashara iliruhusiwa tena. Hata hivyo habari hiyo ilitangazwa nchi nzima. Siku ya Super Bowl ni miongoni mwa siku ambazo maparachichi huliwa kwa wingi mno Marekani, na mengi yao hupondwa.

Katika nyumba za Texas, parachichi hilo mara nyingi halikai peke yake mezani. Linalala juu ya maharage yaliyokaangwa. Linafunikwa na krimu chachu, krimu inafunikwa na nyanya, juu ya nyanya linamwagwa jibini lililokunwa, kisha zeituni nyeusi na majani ya vitunguu. Vyote vinapangwa kwenye bakuli la kioo, ili mgeni azione tabaka kabla hajazionja. Vijiko havitolewi. Kila mtu anachota kwa kipande cha chapati ya mahindi kilichokaangwa kikakauka.

Hiyo ndiyo dipu ya tabaka saba. Inapelekwa kwenye mechi, siku za kuzaliwa, mahafali na mikusanyiko ya familia ambayo kila mgeni huja na chakula chake. Haihitaji tanuri, inaandaliwa tangu jana yake, na bakuli moja linalisha watu wengi kwa gharama ndogo.

Pamoja na urahisi huo, watu wanaizozania. Wapo wanaouliza ni chakula cha nani. Wapo wanaosema kikitoka kwenye makopo hakistahili kuitwa mapishi. Na wapo wataalamu wa afya wanaotazama saa kila bakuli linapowekwa mezani.

Mpaka uliohama

Mapishi ya kwanza ya dipu hii kuenea nchi nzima yalichapishwa mwaka 1981 na jarida la Family Circle, likiiita dipu ya Tex-Mex, yaani ya mapishi ya Kimexico ya Texas, bila kutaja tabaka zozote. Texas ilikuwa ikiijua tayari.

Mizizi yake ni mirefu kuliko jarida hilo. Texas ilikuwa ardhi ya Mexico hadi mwaka 1836, ilipojitangazia uhuru, na mwaka 1845 ikaingizwa Marekani. Familia nyingi za Kimexico hazikuhama. Mpaka ndio uliohama, wao wakaendelea kupika kile walichokuwa wakipika.

Walikuwapo na wengine. Mwaka 1731 walowezi kutoka Visiwa vya Canary walifika San Antonio, na wapo wanahistoria wa chakula wanaowahusisha na ile bizari nyembamba inayosikika sana katika vyakula vya Texas kuliko vya Mexico yenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19, viwanja vya San Antonio vilijaa moto na moshi kila jioni. Wanawake wa Kimexico walipanga meza zao wakauza nyama iliyopikwa kwa pilipili, maharage na tamale. Walikuwa mama lishe wa mji huo, na wasafiri waliwasifu kotekote. Kanuni za afya za manispaa ziliwaondoa viwanjani kati ya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa zaidi.

Walipoondolewa wao, viwanda vilikuwa vimeshaichukua ladha yao. Katika miaka ya 1890 mhamiaji Mjerumani, William Gebhardt, alianza kuuza pilipili ya unga akiwa New Braunfels, mji ulio karibu na San Antonio. Mwaka 1932, San Antonio hiyo hiyo, Charles Elmer Doolin alianzisha biashara ya chipsi za mahindi za Fritos. Ladha ya jikoni ikaingia kwenye chupa, kopo na mfuko. Ilipofika mwaka 1981, kila kilichohitajika kwa dipu ya tabaka saba kilikuwa kinapatikana katika duka moja, mtaa wowote wa Marekani.

Cha Mexico au si cha Mexico?

Ugomvi wa kwanza ni wa ukoo. Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Mexico kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99, alitoa kitabu chake, The Cuisines of Mexico. Alitaka Wamarekani wavijue vyakula vya mikoa ya Mexico jinsi vinavyopikwa huko. Sahani za migahawa ya Marekani zilizojaa mchuzi mzito na jibini la njano hakuzitambua kuwa chakula cha Mexico, na hakulificha hilo.

Jibu lilitoka Houston. Mwandishi Robb Walsh, katika The Tex-Mex Cookbook cha mwaka 2004, alisema Tex-Mex ni mapishi ya Marekani, ya eneo lenye historia yake, na hayahitaji kibali kutoka Mexico ili yaheshimiwe.

Kuna upande wa tatu ambao husahaulika, na kwangu ndio wenye uzito zaidi. Mpishi Adán Medrano, aliyekulia San Antonio, aliandika Truly Texas Mexican mwaka 2014. Hoja yake ni kwamba kusini mwa Texas kuna familia zenye asili ya wenyeji wa bara lile, waliokuwa wakipika hapo kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Chakula cha nyumbani kwao hakizamishwi kwenye jibini la njano. Kile kinachouzwa mikahawani, anasema, kilitengenezwa zaidi kumridhisha mteja mweupe.

Ukilitazama bakuli lenyewe, kila upande unapata ushahidi wake. Maharage, nyanya, pilipili, parachichi na mahindi ni vya Mexico na majirani zake, kabla Mzungu hajafika. Jibini la cheddar lina jina la kijiji cha Uingereza. Krimu chachu ilikuja na wahamiaji wa Ulaya. Zeituni nyeusi za kopo ni kazi ya viwanda vya California.

Kuiita dipu hii chakula cha Kimexico ni kumkosea Mmexico. Kuidharau kwa sababu si ya Kimexico ni kumkosea Mtexas, ambaye mama yake aliipanga kwenye bakuli kila sikukuu.

> "Familia nyingi za Kimexico hazikuhama. Mpaka ndio uliohama, wao wakaendelea kupika."

Adui ni maji

Tuingie jikoni, maana huko ndiko mabakuli mengi yanakoharibikia. Adui wa dipu hii ni maji. Nyanya inatoa maji, salsa (mchuzi wa nyanya na pilipili) ya chupa ina maji, zeituni zinatoka kwenye maji ya chumvi. Usipoyadhibiti, baada ya saa chache yanateremka hadi kwenye maharage, chini kunakuwa uji, na chipsi ya kwanza inavunjika mkononi mwa mgeni.

Anza na maharage. Yanayotumika Texas ni pinto, ya rangi ya krimu yenye madoa ya kahawia. Wakulima wa Kenya wana aina ya jamii hiyo, wanaiita Mwitemania. Nusu kilo inatosha bakuli la sentimita 23 kwa 33. Loweka usiku, chemsha na kitunguu hadi yapondeke kwa vidole, na usimwage supu yake.

Kwenye kikaango pasha mafuta, kaanga kitunguu saumu, tia bizari nyembamba ya kusaga na pilipili ya unga, uache vinukie. Mimina maharage na supu kidogo, uyaponde humo humo. Kisha pitisha mwiko katikati ya kikaango. Njia ikijifunga papo hapo, bado yana maji, endelea kukoroga motoni. Njia ikibaki wazi kidogo halafu kingo zikarudiana polepole, epua. Usingoje yakauke kabisa, kwa sababu maharage yakipoa yanazidi kuwa mazito.

Yaache yapoe sawasawa. Wenye haraka hupanga tabaka juu ya maharage ya moto, krimu ikayeyuka, kazi yote ikaharibika.

Tabaka la pili ni parachichi. Liwe limeiva, lenye kubonyea kidogo. Liponde na ndimu, chumvi, pilipili mbichi na majani ya kotmiri. Nyama ya parachichi ikikutana na hewa hugeuka kahawia, kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake hufanya kazi kikipata oksijeni. Ndimu hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho, lakini haikizuii moja kwa moja.

Kinachozuia ni tabaka la tatu. Krimu chachu ikipakwa juu ya parachichi, ukingo hadi ukingo, hewa haipiti, na dipu iliyoandaliwa jioni inabaki ya kijani hadi mchana wa pili. Ndiyo maana napingana na wapishi wanaoweka parachichi juu ya krimu ili rangi ionekane. Rangi hiyo haidumu.

> "Krimu ipakwe hadi iguse kioo pande zote. Ndiyo inayolizuia parachichi lisigeuke."

Mapishi mengi ya zamani huchanganya krimu na mayonezi pamoja na pakiti ya viungo vya taco. Ni afadhali uchanganye mwenyewe: pilipili ya unga, bizari nyembamba, kitunguu saumu na chumvi kiasi. Asiyepata krimu chachu achukue mtindi mzito, auchuje kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Unaobaki juu ya kitambaa unafaa kabisa.

Nyanya ndizo zinazohitaji subira. Zipasue, toa mbegu na ute wote, katakata vipande vidogo, nyunyizia chumvi, uviache kwenye chujio kwa nusu saa. Maji yatakayodondoka yatakushangaza. Hayo yote yangeishia kwenye maharage. Ukimaliza, changanya nyanya na kitunguu kilichokatwa.

Jibini ulikune mwenyewe. Lile la pakiti lililokwishakunwa hupakwa unga ili lisishikane, na unga huo unasikika mdomoni. Zeituni zichujwe na kukaushwa kwa kitambaa. Majani ya vitunguu yakatwe dakika ya mwisho.

Chipsi ziwe nene. Nyembamba zinafaa kwa salsa peke yake, hazina nguvu ya kubeba tabaka zote kwa mara moja. Na raha ya chakula hiki ni kuzipata zote katika tonge moja: maharage yenye moshi wa bizari, ubaridi wa krimu, ukali wa pilipili, chumvi ya zeituni.

Kopo au sufuria?

Wapo wasiokubali habari ya kuloweka maharage. Kopo la maharage yaliyopondwa linafunguliwa kwa dakika moja, bei yake ni ndogo, na dipu hii ilienea Marekani kwa sababu ya makopo. Mama aliyetoka zamu ya usiku, mwenye sherehe ya mwanawe saa nane mchana, ana haki ya kufungua kopo bila kusutwa. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu asiyepika mwenyewe asiibeze.

Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili anayeishi huko hapaswi kulipita juu juu. Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi kutoka Congo, nao wapo Houston, Dallas hata Abilene. Wakenya wa eneo la Dallas ni wengi, na Watanzania wapo. Wengi wao wanaalikwa kwenye sherehe hizi na majirani, wafanyakazi wenzao, wazazi wa shule ya watoto.

Kwa asili, maharage haya hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na makopo mengi bado yanayo. Kwa Mwislamu, au Msabato asiyekula nguruwe, bakuli linaloonekana kuwa la mboga tupu huenda si lake. Zipo aina za kopo zinazotumia mafuta ya mimea, na huandikwa hivyo kwenye lebo. Krimu nayo isomwe: baadhi huongezwa jelatini, na jelatini nyingi inayotengenezwa Marekani hutokana na nguruwe.

Mwenyeji si lazima awe na nia mbaya. Mara nyingi hajui tu. Swali la adabu, "Maharage haya yamekaangwa kwa mafuta gani?", halimvunjii mtu heshima. Anayejipikia maharage nyumbani ameshalimaliza swali hilo.

Saa mbili mezani

Upande mwingine wa mjadala ni wa wataalamu wa afya. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema chakula cha aina hii kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzijoto 4 na 60 za Selsiasi bakteria huongezeka haraka. Joto la hewa likizidi nyuzi 32, muda huo unakuwa saa moja tu.

Majira ya joto ya Texas huvuka nyuzi 32 siku baada ya siku. Sherehe ya uani inaanza saa saba mchana, bakuli linawekwa kivulini, na saa kumi bado watu wanachota. Maharage yaliyopikwa, krimu na jibini ni vyakula ambavyo bakteria hustawi ndani yake, na haviharibiki kwa namna inayoonekana. Harufu inaweza kuwa ile ile na bado mtu akaumwa tumbo usiku.

Kuna pia mtindo wa mgeni kuchovya, kuuma, kisha kuchovya tena kipande kile kile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, wakiongozwa na Paul Dawson, walilipima hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 wakakuta kwamba bakteria wa mdomoni kweli huhamia kwenye dipu. Salsa nyepesi ilipokea wengi zaidi kuliko dipu nzito ya jibini, ingawa baada ya saa mbili ukali wa salsa ulikuwa umewapunguza.

Watu wa pwani waliolelewa kula sinia moja wanafundishwa tangu utotoni: kula upande wako, usivuke kwa mwenzio. Adabu hiyo haikufundishwa kwenye meza hizi, ambako watu wanachota wamesimama huku macho yakiwa kwenye televisheni. Dawa yake ni sahani ndogo na kijiko cha kupakulia pembeni mwa bakuli. Wengine siku hizi wanapanga tabaka zote saba kwenye vikombe vidogo, kila mgeni na chake. Ni kazi zaidi, ila inafaa sana panapokuwa na watoto au wazee.

Gharama ya parachichi

Turudi kwenye parachichi lenyewe. Kuanzia mwaka 1914 Marekani ilizuia maparachichi mabichi ya Mexico kwa kuhofia wadudu. Mwaka 1997 ikaanza kuyaruhusu kutoka Michoacán, na kwa robo karne jimbo hilo pekee ndilo lililokuwa na kibali. Jimbo la Jalisco liliongezwa mwaka 2022.

Fedha zilipomiminika, magenge yalifuata. Wakulima na wafungashaji wametozwa pesa za nguvu, na misitu ya misonobari imekatwa au kuchomwa ili miti ya parachichi ipandwe. Wenyeji wa Cherán, mji wa Wapurépecha ulio katika milima ya Michoacán, waliinuka mwaka 2011 wakawafukuza wakata miti na wahalifu waliowalinda. Wanalinda msitu wao wenyewe, na mashamba ya parachichi ya biashara hayaruhusiwi kwao.

Mlaji wa Dallas haoni hayo anapobonyeza tunda dukani. Wakulima wa Njombe, Rungwe na Murang'a wayaone, kwa sababu nao wanapanda Hass, parachichi lile lile ambalo tarishi wa California, Rudolph Hass, alilichukulia hati miliki mwaka 1935. Bei nzuri ya nje inavuta maji na ardhi huku pia. Vyama vya wakulima na halmashauri zetu vina nafasi ya kupanga mapema wapi miti ipandwe na vyanzo gani vya maji visiguswe, kabla misitu haijaanza kukatwa.

Na wewe uliyeko Houston, Dallas au Abilene, ukialikwa ukaambiwa uje na chochote, peleka tabaka saba za maharage uliyoyapika mwenyewe. Andika kwenye kikaratasi viungo vilivyomo, hasa aina ya mafuta. Badala ya bakuli moja kubwa, panga mawili madogo: moja liwekwe mezani, la pili libaki kwenye friji ya mwenyeji mpaka la kwanza liishe au saa mbili zitimie.